Je, Wajua? Rimu, Nati na Maradhi ya Magari Makuukuu

Gari likitimiza miaka ishirini huwa limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja kaacha alama yake: nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota, kofia ya rejeta iliyopatikana badala ya iliyotakiwa, rimu inayopendeza machoni lakini imezidi milimita mbili. Ndiyo maana mengi yanayoitwa uzee wa gari si uzee. Spea inayokataa kabisa kuingia haina madhara, maana utairudisha dukani. Ya kuogopa ni ile iliyokubali nusu.

1. Namba 114.3 ilitoka wapi?

Matundu ya nati kwenye rimu yamepangwa katika duara, na kipenyo cha duara hilo ndicho kinachoamua rimu itavaa gari gani. Magari mengi ya Kijapani yenye nati tano yana kipenyo cha milimita 114.3. Hiyo nukta tatu haikuchaguliwa na mtu: ni inchi nne na nusu zilizogeuzwa kuwa milimita. Vivyo hivyo, 139.7 ya Hilux na ya Land Cruiser nyingi za zamani za nati sita ni inchi tano na nusu, na 165.1 ya Land Rover, tangu zile za Series mpaka Defender, ni inchi sita na nusu. Wajerumani walizoea milimita, ndiyo maana Mercedes nyingi zina 112 na BMW nyingi zina 120.

Jicho haliwezi kutofautisha 112 na 114.3, wala 98 ya Fiat na 100 ya Golf ya zamani. Nati tatu zitakubali, ya nne itaingia kwa ubishi. Hapo stadi imeshapinda kidogo, na kila gurudumu linapozunguka inapindishwa tena, hadi siku inakatika.

Rimu ya nati nne hupimwa kirahisi, kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya linalotazamana nalo. Ya nati tano haina matundu yanayotazamana. Pima matundu mawili jirani, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 67 hivi, rimu yako ni ya 114.3, ukipata karibu 59, ni ya 100.

2. Rimu ya Wish haiingii kwenye Impreza

Toyota Wish ya kizazi cha kwanza na Subaru Impreza nyingi za zamani zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Mnunuzi akishasikia hivyo hutoa pesa. Anasahau tundu la katikati la rimu, lile linalokaa juu ya kitovu cha habu. Kitovu cha Toyota hiyo kina milimita 54.1, cha Subaru 56.1. Rimu ya Wish itagonga kitovu cha Subaru na kugoma mpaka ichongwe. Rimu ya Subaru, kinyume chake, itavaa Wish bila shida yoyote, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu imekaa ikiwa na nafasi ya kucheza.

Hata kampuni moja inaweza kukutega. BMW ya Series 5 iliyoanza 1995, maarufu kama E39, ina tundu la milimita 74.1, ilhali ndugu zake wengi wa enzi hizo wana 72.6. Rimu ya E39 ikihamia kwenye Series 3 hufunga vizuri, halafu usukani unaanza kutetemeka. Mwenye gari anafanya balansi mara moja, mara mbili, bila mafanikio. Mashine ya balansi huishika rimu kwa tundu lake la katikati na kuiona iko sawa; gari lenyewe haliishiki hapo. Dawa ni ringi nyembamba ya kujazia pengo hilo, ya plastiki au aluminiamu, na bei yake haifiki hata ya tairi moja la mtumba.

3. Nati nazo zina makabila yake

Stadi za Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo nyingi zina unene wa milimita 12 na meno yanayopishana kwa milimita 1.5. Za Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina unene huohuo, lakini meno yake hupishana kwa 1.25. Nati ya kabila moja ikiwekwa kwenye stadi ya kabila lingine huingia kwa vidole mzunguko mmoja au miwili, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka huchukua spana ndefu. Nati inaendelea kuzunguka, naye anaamini amekaza, kumbe amenyoa meno.

Halafu kuna umbo la makalio ya nati. Nyingi zina umbo la pia, zimechongoka. Rimu za kiwandani za Honda hutaka nati yenye umbo la mpira. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota za zamani hutaka nati bapa yenye shingo na washa. Nati iliyochongoka ikikaa kwenye shimo la mviringo hugusa kwa mstari mwembamba tu badala ya uso mzima, na baada ya safari chache hulegea. Kwa hiyo anayenunua rimu za mtumba bila nati zake amenunua nusu ya kitu.

4. Kuna nati zinazofunguliwa kwa kukazwa

Miaka mingi kampuni ya Chrysler ilifunga nati za kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Katika Dodge na Plymouth za kabla ya miaka ya 1970, upande wa kulia unafungua kama kawaida, upande wa kushoto unazungusha kinyume. Hoja yao ilikuwa kwamba mzunguko wa gurudumu usije ukailegeza nati. Wengi wasiojua wamekata stadi nzima wakidhani zimeshika kutu.

Huku kwetu jambo hili lipo kwenye malori. Fuso na Isuzu nyingi za zamani za Kijapani zina meno ya kinyume upande wa kushoto. Kabla ya kutundika bomba refu kwenye spana na kumwita utingo aje arukie, tazama ncha ya stadi: mara nyingi imegongwa herufi L au R.

5. Tairi moja limeandikwa kwa vipimo vya aina tatu

Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana, kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, lakini si milimita tena, ni asilimia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Ukizikokotoa zote unapata tairi lenye kimo cha milimita 634.5. Fanya hivyo kwa 205/55R16 utapata 631.9, na kwa 225/45R17 utapata 634.3. Rimu imepanda inchi mbili, gari halijapanda kitu. Hiyo ndiyo njia halali ya kuvalisha rimu kubwa: kadiri chuma kinavyokua, ubavu wa mpira upungue.

Asiyefanya hesabu hudanganywa na gari lake mwenyewe. Gari lililotoka kiwandani na 185/65R14 likivalishwa 195/65R15 limeongezewa kimo kwa zaidi ya asilimia 6. Mshale wa kasi ukisoma 100, gari linakimbia karibu 106. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, hivyo mwenye gari anaona linakula mafuta kuliko zamani hata kama injini haijabadilika.

Baada ya vipimo hivyo kuna namba na herufi moja, kwa mfano 91H. Namba 91 ina maana kwamba tairi linabeba kilo 615. Herufi ni kasi, nayo haifuati alfabeti sawasawa: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, U 200, kisha inakuja H yenye 210 kabla ya V yenye 240.

6. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa

Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata kama mistari yake bado mirefu, halifai barabarani.

Mpira huzeeka hata ukilala stoo. Jua, joto na hewa huukausha kuanzia ndani, na nyufa nyembamba za ubavuni huja zikiwa zimechelewa. Michelin hushauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka mitano ya kazi, na libadilishwe likifikisha kumi tangu litengenezwe, hata kama linaonekana zima. Uingereza ilipiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi kuanzia Februari 2021. Mnunuzi wa tairi la mtumba hutazama mistari kwanza. Aanze na tarehe.

7. Rimu ambazo hazikutaka inchi

Mwaka 1975 Michelin walileta tairi liitwalo TRX lenye rimu yake maalumu, iliyopimwa kwa milimita tupu. Peugeot 505, baadhi ya BMW na baadhi ya Ford zilitoka nazo. Rimu ya TRX ya milimita 390 ni kubwa kuliko ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, kwa milimita tisa tu, na mdomo wake umekatwa kwa umbo tofauti.

Vipimo hivyo viliwekwa mbalimbali makusudi, ili tairi la kawaida lisivae. Lakini tisa ni chache kiasi cha kumtamanisha fundi mwenye nguvu na sabuni nyingi. Tairi lililolazimishwa namna hiyo linaweza kupasuka likijazwa upepo au kuchomoka kwenye kona. Matairi ya TRX bado hutengenezwa kwa ajili ya magari ya kumbukumbu na bei yake ni kali, kwa hiyo wenye magari hayo wengi huamua kubadilisha rimu zote nne na kurudi kwenye inchi.

8. Milimita zinazoua beringi

Geuza rimu uitazame kwa nyuma. Huenda ukakuta 6J×15 ET45. Sita ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo, 15 ni kipenyo. ET45 inasema uso unaogusana na habu umesogea milimita 45 kutoka mstari wa katikati ya rimu kuelekea nje. Namba hiyo ikipungua, gurudumu linatoka nje ya gari. Ikizidi, linaingia ndani.

Sasa mtu anavua 6J ET45 anavalisha 7J ET35. Inchi moja ya upana huongeza milimita 12.7 kila upande, na ET iliyopungua inasukuma rimu nzima nje kwa 10. Ukingo wa nje umetoka milimita 22.7, wa ndani umeingia 2.7 tu. Gari linapendeza, limejitanua. Ila sasa uzito unaikamua beringi kwa pembeni, usukani unavutwa na kila shimo, na ukipakia watu watano tairi linalamba ukingo wa bodi. Speisa zinazobandikwa kati ya habu na rimu hufanya kazi ileile. Beringi zikianza kuisha kila baada ya miezi michache, lawama hupewa duka la spea.

9. Gari lenye upande mrefu na upande mfupi

Pima Renault 4 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Pande hizo mbili zinatofautiana kwa karibu sentimita 5. Fundi wa alaimenti asiyeijua hukata shauri kwamba gari lilipata ajali na chesisi imepinda.

Ni zima. Kilichofanya kazi ya springi kwa nyuma ni vyuma viwili virefu vinavyojisokota, vilivyolala kukingama gari, kimoja nyuma ya kingine kwa sababu vyote viwili visingeweza kukaa mahali pamoja. Wahandisi wa Renault waliona ni rahisi kuyaacha magurudumu yapishane kuliko kutafuta nafasi. Renault 4 ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi miaka ya 1990, na Renault 16 nayo ilikuwa hivyohivyo. Kabla ya kunyoosha chochote, jua kilivyozaliwa.

10. Citroën iliyojiinulia mguu

Citroën DS iliyooneshwa Paris Oktoba 1955 haikuwa na springi za chuma. Ilikalia gesi na mafuta yenye shinikizo, na dereva aliweza kuipandisha au kuishusha kwa wenzo mdogo ndani ya gari. Kubadilisha tairi, uliipandisha mpaka juu, ukaweka kigingi chini ya ubavu, kisha ukaiamuru ishuke. Badala ya gari kushuka, magurudumu ya upande ule ndiyo yaliyopanda.

Tarehe 22 Agosti 1962, Rais Charles de Gaulle alishambuliwa kwa risasi eneo la Petit-Clamart akiwa ndani ya DS. Matairi mawili yalipasuka, na gari likaendelea kukimbia mpaka likaondoka hatarini.

Ugonjwa wake mkubwa uliletwa na watu. DS za mwanzo zilitumia mafuta mekundu. Baadaye, kuanzia matoleo ya 1967, kiwanda kikahamia kwenye mafuta ya kijani yanayotokana na madini. Mipira inayoyaziba mekundu huharibiwa na kijani, na kinyume chake. Chupa moja isiyo yake ilitosha kuliua gari zima.

11. Tairi la akiba lililosafisha kioo

Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 hazikuwa na pampu ya umeme ya kurushia maji kwenye kioo cha mbele. Bomba jembamba lilitoka kwenye tairi la akiba, na upepo wa tairi hilo ndio uliosukuma maji. Vali iliukata upepo kabla tairi halijaisha kabisa. Maji yakigoma kuruka, jambo la kwanza lilikuwa kupima upepo wa spea.

Beetle hizo ziliwahi kuvaa rimu za nati tano zenye duara kubwa la milimita 205. Kuanzia matoleo ya 1968 nyingi zikahamia nati nne za 130. Kwa hiyo “rimu ya Beetle” si kipimo, uliza mwaka. Na taa ya chaji ikiwaka njiani, simama papo hapo. Mkanda unaozungusha dainamo ndio uleule unaozungusha feni, na injini hiyo haina rejeta. Bila feni haina cha kuipoza.

12. Mtetemeko una anwani

Sikiliza unatokea wapi, kwa kasi gani, na unapofanya nini.

Usukani ukitetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa kisha ukatulia, anza na balansi ya magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti zaidi ya mikononi, nenda nyuma. Ukija unapokanyaga breki tu, diski hazina unene sawa pande zote. Mngurumo unaokua kadiri kasi inavyoongezeka, ukabadilika unapokata kona, ni beringi. Ukizidi unapokata kushoto, kagua ya kulia kwanza, maana ndiyo iliyolemewa. Mlio wa ka-ka-ka unapogeuza gari huku usukani umekatwa wote ni jointi ya nje ya ekseli ya mbele.

Tairi nalo linasema. Likilika katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likilika kingo zote mbili, lilikosa upepo. Likilika ukingo mmoja, tafuta alaimenti. Likilika kwa mabonde mabonde, shokapu imechoka.

Kwenye magari ya ekseli nzima ya mbele, kama Land Cruiser za kazi na Suzuki za zamani, kuna mtetemeko mkali unaozuka ukigonga shimo na kutulia ukipunguza mwendo. Chanzo huwa ni bushi zilizolegea pamoja na tairi lisilo na balansi. Wengi hununua shokapu mpya ya usukani. Hiyo inauficha ugonjwa kwa muda, haiuponyi.

13. Maji huchemka mapema Nairobi

Pwani, Mombasa au Tanga, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Injini haijui iko wapi. Inahitaji joto lake lilelile. Kinachookoa ni kofia ya rejeta: springi yake inabana mfumo kwa shinikizo la karibu bar 0.9 hadi 1.1, na hilo huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Kofia iliyolegea, au ya gari lingine, inaweza kulichemsha gari lenye rejeta safi, pampu nzima na feni inayofanya kazi.

Kisa cha pili ni themostati. Mafundi wengi huitoa wakisema nchi zetu ni za joto. Katika injini nyingi, Toyota zikiwemo, themostati inapofunguka kwa mbele huziba kwa nyuma njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto haifiki rejeta kabisa, na gari lililotolewa themostati lisichemke ndilo linalochemka likipanda mlima.

14. Breki zinazopotea mlimani

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, polepole, hata chupa ikiwa imefungwa. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 230; ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. DOT 3 hutoka 205 hadi 140.

Mjini hutaona tofauti. Shuka Kitonga, mkoani Iringa, ukiwa umekanyaga breki muda wote, na joto la diski litafika kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama mpaka chini. Baada ya nusu saa ya kupumzika breki zinarudi kama kawaida, na fundi anayelikagua gari kesho yake haoni kasoro. Hazina kasoro nyingine. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushuke kwa gia ndogo.

15. Mercedes iliyokataa kuzima

Mercedes W123, iliyoingia sokoni 1976 na kutengenezwa takriban magari milioni 2.7, ilikuwa teksi ya nusu ya dunia. Zile za dizeli zina kisa kimoja: unazima ufunguo, unauchomoa, injini inaendelea kunguruma.

Dizeli haihitaji umeme wa plagi. Ufunguo wa W123 huifungua njia ya ombwe, yaani hewa inavutwa kwenye mabomba membamba, nalo ombwe hufunga pampu ya mafuta. Mabomba hayo ya ombwe hufanya kazi nyingine pia, zikiwemo kufuli za milango. Mpira wa kufuli ukitoboka, ombwe huvuja na injini haizimiki. Fundi atakayefungua pampu ya dizeli atapoteza siku nzima, maana kilichoharibika ni kipande cha mpira ndani ya mlango. Ukiwa njiani, fungua boneti: kuna wenzo ulioandikwa STOP.

16. Linawaka, ukiachia ufunguo linazima

Kwenye magari mengi ya petroli ya miaka ya 1960 na 1970, koili hupata umeme kwa njia mbili. Unaposhikilia ufunguo kwenye kuwasha, hupata volti zote za betri. Ukiuachia, umeme hupitia kizuizi kinachoupunguza ili koili isiungue. Kizuizi kikikatika, injini inawaka kila stata inapozunguka na kuzima kila ufunguo unapoachiwa. Kabureta haina hatia, pampu ya mafuta haina hatia. Magari ya Chrysler yalijulikana sana kwa hilo, hata wenye nayo wakawa wanatembea na kizuizi cha akiba kwenye dashibodi.

17. Risasi kwenye petroli ilikuwa mto wa vali

Mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kemikali yenye risasi hutuliza kugonga kwa injini. Risasi hiyo iliacha utando laini kwenye viti vya vali, na watengenezaji wengi wakaacha kuweka viti vya chuma kigumu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliiacha Julai 2021, baada ya kampeni ndefu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi.

Afya za watoto zilinufaika sana. Injini chache za zamani ziliachwa bila kinga: vali hujichimbia polepole kwenye kichwa cha silinda, nafasi yake inapungua mpaka haifungi sawasawa, na gari linapoteza nguvu. Ukiona nafasi ya vali inaisha kila baada ya muda mfupi, usiendelee kuirekebisha. Weka viti vigumu mara moja.

18. Gari la mtumba lililoshinda Safari Rally

Safari Rally ilianza 1953, na matokeo yake ni kumbukumbu ya magari yaliyozivumilia barabara zetu: Beetle miaka ya mwanzo, Peugeot 404 iliyoshinda 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, kisha Datsun miaka ya 1970. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya ndani ya Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano ya kiwanda na kuachwa huku. Aliikarabati pamoja na ndugu yake Jaswant na kuwashinda waliokuja na magari mapya. Joginder mwenyewe alikuwa fundi.

19. Kabla hujatoa pesa ya rimu za mtumba

Nenda na kalipa au rula ya chuma, na uandike mambo haya: idadi ya nati na kipenyo cha duara lake, tundu la katikati, upana na ET vilivyoandikwa nyuma ya rimu, umbo la makalio ya nati na meno ya stadi zako, tarehe ya matairi kama yamekuja nayo. Ukifika nyumbani, safisha kutu kwenye uso wa habu kabla ya kuvalisha. Kaza nati kwa kuvuka kutoka moja hadi ya upande wa pili, usizifuate kwa duara. Toyota ndogo nyingi hutaka nyutoni-mita 103. Usipake grisi kwenye meno, maana huifanya spana isome kidogo huku stadi ikivutwa sana. Kisha endesha kilomita 50 hadi 100, simama, na ukaze tena. Nati itakayokubali kuzunguka siku hiyo imekuonya mapema. Itafute sababu yake kabla hujaikaza na kuondoka.